Meza ya Ukuta Mweusi

Simu iliingia Jumapili asubuhi, nikiwa napiga pasi sare ya kwaya chumbani kwangu Makambako. Namba sikuijua. Sauti ya mzee ikauliza kama mimi ni Rejoice, binti wa Methusela Mgaya. Nikaitika. Akasema, "Mwanangu, mimi ni Ebeneza Mwalongo. Baba yako alilala kwangu jana. Asubuhi tumesali wote, tumekunywa chai. Alikuwa anafunga kamba za viatu twende ibadani. Amefariki, mwanangu."

Nilichomoa pasi kwenye umeme, nikakaa kitandani. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichotaka kujua hakikuwa amefaje. Nilitaka kujua kama alikuwa amewahi kusema lile lililompeleka.

"Baba, alikuambia?" nikamuuliza.

"Aliniambia. Jana, hata kabla hajakaa. Kipande cha ukuta kiko hapa mezani kwangu."

Hapo ndipo nilipolia.

Baba na Ebeneza walikuwa hawajasalimiana kwa miaka thelathini na nne. Kwa hiyo habari ilipofika Mjimwema, alikoishi baba, kwamba Mzee Methusela amefia nyumbani kwa Ebeneza, watu walishangaa kifo chenyewe na wakashangaa zaidi mahali kilipotokea. Mimi nilijua kwa nini alikuwa kule. Nilijua kwa sababu wiki tatu kabla nilikuwa nimempeleka kula hotelini, na yote yalianzia pale mezani.

Baba alizaliwa mwaka 1949. Alisoma hadi darasa la saba, akapata kipaimara, akamwoa mama yetu Idda, aliyelala katika Bwana mwaka 2011. Tulizaliwa watatu, nimebaki mimi. Alikuwa mzee wa kanisa kwa vipindi vinne, na mkulima wa viazi na parachichi kama majirani zake wote. Lakini anayemkumbuka kweli atasema kwanza kwamba alikuwa mtu wa kuuliza. Akikuta lori limeharibika njiani, alisimama mpaka litengenezwe. Hakuwa na msaada wowote wa kutoa, alitaka tu kuona ni kitu gani kilichokuwa kimekufa. Alipolazwa kwa shinikizo la damu, alimuuliza muuguzi maji ya dripu yakishaingia mwilini yanatokea wapi, na jibu lilipomridhisha akaniita anieleze na mimi. Siku nilipompeleka stesheni ya Makambako kuona treni, alimshika mlinzi kwa maswali hadi yule mlinzi akamletea kiti.

Kazi iliyomlea ilikuwa ya kaushio la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, nje kidogo ya mji wa Njombe, njia ya kwenda Makete. Aliingia mwaka 1971 akiwa kijana wa kubeba magunia ya maua, akapanda hadi kuwa mkuu wa kaushio, mpaka lilipofungwa mwaka 1995. Lilikuwa jengo refu la matofali ya kuchoma, halina madirisha, lina matundu ya hewa tu chini ya kuta. Mwisho mmoja kulikuwa na tanuru la kuni. Joto lilipita chini ya sakafu, likapanda kwenye trei za waya zilizotandazwa maua. Moshi wenyewe ulipita njia yake ya pekee, ndani ya ukuta wa nyuma, hadi kwenye dohani. Joto liingie na moshi usiingie, ndiyo ilikuwa kazi yote. Ua la pareto hushika harufu upesi, na maua yenye harufu ya moshi yalikataliwa. Kwa sababu hiyo hiyo baba hakuruhusu chakula ndani ya kaushio. Hata karanga. Mama alikuwa akisema kwamba baba angemfukuza malaika kama angeingia na kiazi mfukoni.

Aliyechochea tanuru alikuwa Ebeneza. Walikuwa marafiki, waliimba besi pamoja kwenye kwaya. Mwaka 1989 maua yalianza kutoka na harufu ya moshi. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kwa watu wa kaushio moshi una sababu moja, kuni mbichi. Baba alikwenda kwenye rundo akakuta juu magogo ya miwati yanayotoa maji. Ebeneza alisema magogo yale yameletwa jana, yanasubiri kukauka, yeye anachoma ya chini. Baba hakumwamini. Aliwakusanya wafanyakazi wote ndani ya kaushio, akasema mbele yao kwamba Ebeneza ni mvivu na ni mwongo. Ijumaa hiyo Ebeneza aliachishwa kazi, akahama na familia yake kutoka nyumba za kampuni, akaenda kulima kijijini. Na kweli, baada ya hapo moshi ulikoma. Maneno ya baba tangu siku ile yalikuwa hayo hayo. "Aliondoka, na moshi ukaondoka."

Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nilikua nikisikia jina Kuni Mbichi bila kujua kwamba ni la mtu. Watoto wa kampuni tulikuwa tukiambizana hivyo mtu akidanganya kwenye mchezo. Watoto wa Ebeneza waliitwa hivyo shuleni. Ebeneza mwenyewe alihamia usharika mwingine ili asikutane na baba kanisani.

Mwaka juzi jengo lile lilichukuliwa na Halfan, msafirishaji wa viazi tunayepakana naye pale Makambako, duka langu la kushona sare za shule likiwa ubavuni mwa ghala lake. Yeye na mkewe Yasmini waligeuza kaushio kuwa hoteli ya chakula. Waliliita hivyo hivyo, Kaushio. Mimi ndiye niliyewashonea vitambaa vya meza na aproni, na nilipompigia baba kumwambia kwamba nimeshona vitambaa vya kutandika ndani ya kaushio lake, aliniambia nirudie.

"Wanakula ndani?"

"Ndani, baba."

"Ndani kabisa, au uani?"

Tangu siku hiyo kila nilipompigia aliuliza kuhusu hoteli kabla ya kuniuliza afya. Trei walizipeleka wapi? Sakafu wameiziba? Dohani bado imesimama? Nilimjibu niliyoyajua. Watu wa mjini walikuwa bado wanaiogopa, wakisema kuta zile zimekunywa dawa ya wadudu na mtu atakayekula mle ataanguka kama mbu. Halfan mwenyewe alifanya utani nayo, akisema ana hoteli pekee Njombe isiyo na nzi, ila wateja nao wamefuata nzi. Baba alilichukulia suala hilo kwa uzito. Akanituma nimwambie Halfan kwamba nguvu ya pareto humalizwa na jua na hewa, na baada ya miaka yote hiyo kuta zile haziwezi kumuua hata sisimizi, na akitaka yeye yuko tayari kuja kuwaeleza wateja.

Mwezi wa pili nilipata nafasi ya Jumamosi, nikamchukua Mjimwema kwa bajaji. Alikuwa amevaa koti la Pasaka na kofia ya sufu. Tulipofika hakuingia. Alianza kuzunguka jengo, mkono mmoja ukipapasa matofali. Halfan akamwona dirishani, maana sasa kulikuwa na madirisha, akatoka.

"Shikamoo mzee. Mlango uko huku."

"Marahaba. Mlango naujua kabla hujazaliwa. Natafuta mmeupeleka wapi mdomo wa tanuru."

Halfan akacheka, akampeleka jikoni. Tanuru lilikuwa pale pale, sasa likichoma kuku. Baba aliinama akachungulia, akauliza wanatumia kuni gani. Akaambiwa miwati mikavu. Akaokota gogo moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalinusa, akalirudisha.

"Limekauka," akasema, na mpishi akamshukuru kana kwamba amepewa cheti.

Ndani palikuwa pazuri kuliko nilivyotegemea, na mimi nilikuwa nimepaona mara moja tu, patupu. Trei za waya zilikuwa zimening'inizwa darini na taa ndani yake, nyingine zimekuwa rafu za sahani. Matundu ya hewa yalikuwa yametiwa vioo, mwanga ukawa unaingia kwa chini na kuangaza viatu vya watu. Kulikuwa na madereva wa malori ya mbao, na familia moja iliyotoka kuangalia maua Kitulo, watoto wakiwa na matope hadi magotini. Yasmini alitukaribisha, akasema ametuwekea meza ambayo wageni huipenda kwa kupiga picha. Ilikuwa imekaa chini ya ukuta wa nyuma. Juu yake lipu ilikuwa imebanduliwa kwa upana wa mlango, na matofali yalikuwa na alama nyeusi iliyoanzia usawa wa kiuno na kupanda ikitanuka, kama jani la mgomba lililochanika. Nilimwona baba akiitazama. Kisha mhudumu alileta menyu, naye akahamia kwenye menyu.

Aliisoma yote, kuanzia jina la hoteli hadi namba ya simu, kwa sauti ya chini, kama anavyosoma somo la kwanza kanisani. Halfan alisimama akimsubiri, mikono nyuma.

"Mzee, ukimaliza tuitikie amina?"

"Subiri kwanza," baba akasema. "Hamjaandika nyama ya nguruwe wala bia."

"Hatuuzi, mzee."

"Mmefanya vizuri. Ya kwanza naikosa, ya pili sijawahi kuikosa."

Aliagiza kuku wa tanuru na viazi, nami nikaagiza pilau. Chakula kilipokuja alisali, sala ndefu kidogo, akimshukuru Mungu kwa mikono iliyolijenga jengo lile na iliyoligeuza. Kisha akachukua kiazi, akakifikisha mdomoni, akageuka nyuma. Mara mbili alifanya hivyo. Nikamuuliza anamtafuta nani. Akasema, "Namtafuta Methusela. Angenikuta hapa leo, ningefukuzwa kazi." Tukacheka, akala.

Alikuwa amefika nusu ya kuku alipoacha kutafuna. Alikuwa anautazama tena ukuta. Akamwita Halfan na kumuuliza ile rangi nyeusi wameipaka kwa dawa gani.

"Hatukupaka. Tulibandua lipu tukaikuta. Fundi alitaka kuisugua, Yasmini akasema iacheni, ni picha tosha."

"Lipu ilikuwa juu yake?"

"Juu yake."

"Si moshi wa kuku wenu?"

"Mzee, siku hiyo tulikuwa hatujawasha hata kiberiti. Na palikuwa na ufa hapo, mrefu kama mkono wangu. Tumeuziba kwa saruji."

Baba alisimama. Aliweka kiganja kwenye tofali, akakiacha hapo muda mrefu, mhudumu akapita na sinia akamzunguka. Upande wa pili wa tofali lile ndipo njia ya moshi inapopita, na tanuru lilikuwa linawaka, nadhani alikuwa anausikia uvuguvugu. Kisha akachukua kijiko changu, akapenyeza mpini wake kwenye ukingo wa lipu iliyobaki, akakandamiza. Kipande kama nusu ya sahani kikadondokea mkononi mwake.

"Mzee, unanibomolea hoteli," Halfan akasema kwa utani. Baba hakucheka. Alikigeuza kile kipande. Upande wa mbele lipu ilikuwa laini na nyeupe. Upande wa nyuma, uliokuwa umelala kwenye tofali, ulikuwa na masizi.

Akakaa.

"Lipu hii aliipiga baba yako mdogo," akaniambia. "Edward. Wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea, wakataka kuta ziwe nyeupe. Ebeneza aliondoka Ijumaa. Edward alianza kazi Jumatatu."

Sikuelewa mara moja. Ilibidi anieleze polepole, kidole kikitembea kwenye kitambaa changu cha meza. Masizi yako chini ya lipu, kwa hiyo moshi ulikuwa ukipita kabla ya lipu. Ufa ndio ulioleta moshi ndani, kwenye maua. Lipu ikauziba, bila aliyeipiga kujua, na moshi ukakoma wiki ile ile Ebeneza alipofukuzwa.

"Miaka thelathini na nne nasema aliondoka na moshi ukaondoka," akasema. "Niliuliza kuni. Niliuliza upepo, nikauliza mvua. Ukuta sikuuliza."

Alimaliza kuku wake, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha chakula, lakini sidhani kama alijua anakula nini. Kabla hatujaondoka alimwomba Halfan mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kuchukua kile kipande. La pili, meza ile ile, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, kwa ajili yake na Ebeneza na wote waliofanya kazi pale ambao bado wako hai. Halfan akamuuliza ni sherehe gani.

"Nilimwita mtu mwongo hapa ndani, watu wakisikia," baba akasema. "Nataka wasikie tena."

Kwa wiki tatu nilimpigia kumuuliza kama ameshakwenda kwa Ebeneza. Alijibu kwamba anatafuta neno la kuanzia. Kwenye Meza ya Bwana, Jumapili moja katikati, hakupokea. Watu waliona, lakini hakuna aliyemuuliza mzee wa kanisa. Jumamosi ya tatu alifunga kipande cha lipu kwenye leso, akaondoka bila kumwambia mtu yeyote.

Mengine nimeyapata kwa Ebeneza. Anasema mkewe alimwona mzee amesimama uani na kitu mkononi, akadhani ni muuza sabuni. Baba alisalimia, "Kamwene," akafungua leso, akaeleza yote akiwa wima: ufa, masizi, lipu, Ijumaa na Jumatatu. Kisha akaomba msamaha, akamwalika kwenye ile meza ya hotelini. Ebeneza alikipokea kile kipande. Halafu akamwambia, "Methusela, umechelewa. Hata meno ya kukulia hiyo karamu yako yameisha." Baba akajibu kwamba na yake yameisha, kwa hiyo Halfan atapika vitu laini. Mvua ikaanza, wakakaa ndani wakila viazi vya kuchemsha na kuzungumza habari za kaushio hadi mvua ilipokataa kukatika na ikawa hakuna usafiri. Asubuhi yake ndiyo niliyoieleza mwanzo.

Ebeneza mwenyewe aliuleta mwili hadi Mjimwema, kwenye gari alilolipata kijijini. Alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na uzio, na watu hawakulijaza lile benchi. Nilisikia wanawake wakinong'ona jikoni, wakiulizana amekula nini kule. Mmoja akasema, kwa sauti ya kunifikia, "Kuni Mbichi amemaliza kazi yake." Nikaelewa kwamba baba ameomba msamaha wa mtu mmoja tu. Wale waliokuwa wamesikia ule uongo, na watoto wao, walikuwa bado nao.

Katika kikao cha familia nilipewa kazi ya kuandika historia fupi ya marehemu ya kusomwa kanisani, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Historia hizi zinajulikana. Alizaliwa, alisoma, alibatizwa, alioa, aliugua, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Niliandika hayo yote. Kisha nikaongeza kaushio, moshi, maneno aliyoyasema mbele ya wafanyakazi mwaka 1989, na yale aliyoyaona kwenye meza ya ukuta mweusi.

Baba mdogo Edward aliisoma, akaikunja karatasi mara mbili. Yeye ni fundi ujenzi, sasa ana miaka sitini na nane. Aliniambia kwa upole kwamba historia ya marehemu si mahali pa kumvua nguo ndugu yako, na kwamba baba ameshasamehewa, basi yaishe. Nikamwambia baba mwenyewe alikuwa ameomba meza ya kuyasemea. Akasema marehemu hana meza. Tukaenda kwa mchungaji. Mchungaji alituuliza kama tumemsikiliza Ebeneza, na kweli hatukuwa tumemsikiliza.

Akaitwa, akakaa kati yetu.

"Mimi nimeridhika," Ebeneza akasema. "Nikifa leo sina neno na Methusela. Lakini mwanangu wa kwanza aliacha shule darasa la sita kwa ajili ya jina hilo. Sasa hivi nimepita jikoni kwenu nimelisikia tena. Hamuwezi kuwaambia ni uongo?"

Ebeneza akaifungua ile leso, ileile ya baba, akamkabidhi baba mdogo kipande cha lipu. Edward alikipitisha kidole gumba upande ule laini, taratibu, kama mtu anayejua mkono wake. Akakigeuza. Nje walikuwa wanapasua kuni za msiba, na tulisikia shoka mara nyingi kabla hajasema.

"Niliyaona," akasema. "Nilipokuwa naloanisha ukuta niliyaona masizi, na ufa pia niliuona. Nilidhani kaushio lote ndivyo lilivyo. Nilipewa kazi ya kupiga lipu, nikapiga lipu. Kaka angeniuliza ningemwambia." Akanirudishia karatasi yangu, akiikunjua kwanza kwa kiganja. "Acha kama ulivyoandika. Na useme fundi nilikuwa mimi."

Tulimzika Jumatano. Halfan alituazima sufuria na mabenchi ya hoteli, na Yasmini alikuja na vijana wake kupika tangu asubuhi. Ibada ilianza saa saba. Mshereheshaji aliponiita, nilisoma historia ya baba kwa dakika kumi na mbili. Nilipofika mwaka 1989 nilisoma polepole. Niliposoma kwamba Ebeneza Mwalongo hakuchoma kuni mbichi, kwamba moshi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, na kwamba marehemu alikwenda kwake kuomba msamaha na akafa akijiandaa kwenda naye ibadani, niliinua macho. Mwanamke yule wa jikoni alikuwa kwenye safu ya tatu. Aliinamisha kichwa. Nikaendelea hadi mwisho, kwenye wajukuu.

Makaburini mvua ilikuwa imekatika na udongo ulikuwa mzito. Jeneza lilishushwa kwa kamba, mchungaji akatupia udongo mara tatu, vijana wakafukia wakipokezana majembe. Msalaba ukasimikwa. Kisha mshereheshaji akaanza kuita makundi ya kuweka mashada. Niliitwa mimi na wanangu. Akaitwa baba mdogo Edward na ndugu. Wakaitwa wazee wa kanisa, kwaya, majirani wa Mjimwema, wafanyabiashara wa Makambako, Halfan akaja na kofia yake mkononi.

"Waliofanya kazi na marehemu," mshereheshaji akasema.

Walibaki wanne, pamoja na Ebeneza. Wawili walikuwa na fimbo. Walisimama, lakini hakuna aliyetangulia, wakamsubiri Ebeneza atoke nyuma kwenye uzio. Watu wakampisha. Alipokea shada kwa mikono miwili, akapiga goti moja kwenye tope, akaliweka upande wa kichwa. Wale watatu wakaweka mikono yao juu ya shada hilo moja. Ebeneza alishindwa kunyanyuka, na baba mdogo Edward akaenda akamshika kwapa, akamwinua.

Kwaya iliimba ubeti wa mwisho. Mchungaji alitoa baraka saa kumi kasorobo, nasi tukateremka nyumbani, tukanawa mikono mlangoni, tukakaa kula.